Farasi 845 kwa Ajili ya Nani?

Nikisema chuoni natokea Msasani, watu wananiangalia mara mbili. Wanadhani ile ya Dar, ya bahari na mageti ya rimoti. Hapana jamani. Natokea Msasani ya Tukuyu, Wilaya ya Rungwe, kwenye migomba, chai na mvua isiyoomba ruhusa. Nimeanzia hapo kwa sababu leo nazungumzia gari, na jibu lake linategemea unaishi Msasani ipi.

Makamanda, kwenye magrupu yetu imezunguka video ya Cybertruck, pikapu ya umeme ya Tesla. Wengi wameandika "hii ndiyo gari ya kampeni". Nawaelewa. Pikapu tunazozijua vizuri sisi ni zile tunazopandishwa kwa nguvu siku za maandamano. Lakini hebu tuipime kama tunavyofundishwa kupima ushahidi: nini kinadaiwa, nini kimethibitika, nani anafaidika. Sijaiendesha wala kuigusa, naisoma kwenye karatasi.

Kinachodaiwa ni kizito. Toleo la juu, Cyberbeast, lina nguvu ya farasi 845 na linatoka kusimama hadi karibu kilomita 97 kwa saa kwa sekunde 2.6. Linavuta tela la karibu tani 5. Bei yake lilipoingia sokoni Marekani mwishoni mwa 2023 ilikuwa kama dola 100,000. Kilichothibitika ni kwamba Machi 2025 kampuni iliita magari zaidi ya 46,000 yarudi kurekebishwa, kwa sababu kuna kipande cha nje kilichogundishwa ambacho kingeweza kubanduka gari likiwa barabarani.

Sasa lilete kwetu. Mjomba wangu ana kirikuu, anapeleka ndizi Mbeya. Taabu yake haiko kwenye lami. Iko kwenye kile kipande cha kutoka shambani: udongo, utelezi, mlima. Pale hizo sekunde 2.6 hazina kazi, mwendo ni wa kinyonga. Ila mota ya umeme ina faida moja ya kweli: inatoa nguvu yake yote tangu gari limesimama, bila kuunguza klachi, na mkishuka kwenda Kyela inarudisha chaji kwenye betri. Milima yetu na mota ya umeme vinaelewana. Nilipomweleza mjomba, aliuliza mawili tu: "Inachajiwa wapi? Na ikigoma, fundi gani hapa Tukuyu ataigusa?"

Hayo ndiyo maswali ya sera, na kayauliza mtu ambaye hajawahi kukanyaga bungeni.

Betri ya gari hilo inabeba takriban uniti 123. Mteja mdogo wa umeme, yule wa D1, bei yake nafuu inaishia uniti 75 kwa mwezi. Kwa hiyo gari likijazwa mara moja tu, limekunywa zaidi ya mgao wa nafuu wa nyumba moja kwa mwezi mzima na nusu. Hata hivyo, kwa bei ya T1 ya takriban shilingi 356 kwa uniti, kulijaza ni kama shilingi 44,000, na kampuni inasema linatembea karibu kilomita 480. Linganisha na dizeli ya kituo cha kwenu, halafu uniambie.

Kwa hiyo mimi sipingi umeme. Tuna Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mitambo 9, megawati 2,115. Mafuta tunaagiza yote nje, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunakaa roho juu tukisubiri EWURA itangaze bei. Rwanda ilisamehe kodi magari ya umeme tangu 2021. Ethiopia mwaka 2024 ilipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Majirani wameshachagua.

Sisi tuchague kwa akili. Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi bila sheria ya Bunge. Maana yake kodi na msamaha wake havishuki kama mvua ya Rungwe; kuna watu wanaoviandika. Wakiandika tu "magari ya umeme yasamehewe", mwenye Cybertruck wa Msasani ile atasamehewa mamilioni. Mjomba, ambaye hana uwezo wa kununua, atasamehewa sifuri.

Tudai hivi. Nafuu ianze na bodaboda, bajaji, kirikuu, daladala na magari ya wagonjwa, na iwe na ukomo wa bei ya gari. Vituo vya kuchajia vifike stendi ya Tukuyu, visiishie Dar. VETA wafundishe mafundi wetu. Na serikali kabla ya kununua gari lolote itueleze gharama yake kwa kila kilomita, tusije tukabadilishiwa shangingi la dizeli kwa shangingi la umeme tukaambiwa hayo ndiyo mageuzi.

Na sisi vijana tuache kutamani gari la kampeni. Siku kirikuu ya umeme itakapopanda mlima wetu na mikungu mgongoni, mvua inanyesha, nitakuwa wa kwanza kuposti video.