Hesabu ya Utafiti Isiishie Majaridani

Juzi kijana mmoja wa Ruiru, mwanafunzi wa chuo kikuu, alimleta nduguye mdogo katika zahanati yangu mjini Thika. Mtoto huyo ana kifafa, na alikuwa ameanguka jikoni akaungua mkono. Nikiwa ninamfunga kidonda, kijana aliniuliza: "Daktari, nimesoma kwamba Profesa Charles Newton, aliyechunguza kifafa kule Kilifi, ametajwa na wataalamu wenzake maelfu ya mara. Mbona basi ndugu yangu bado anaanguka?"

Swali hilo ni zito, nami ningependa kulijibu mbele ya wasomaji.

Mwanasayansi anapochapisha makala katika jarida, wenzake huitaja katika makala zao, na kila kutajwa huhesabiwa. Mnamo 2005, mwanafizikia Jorge Hirsch alitoa kipimo kiitwacho indeksi ya h. Mtafiti mwenye indeksi ya 30 ana makala 30 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 30. Vyuo vikuu hutazama hesabu kama hizi vinapopandisha watu vyeo.

Sidharau kipimo hiki. Mnamo 1991, Newton na wenzake waliandika katika jarida la The Lancet kuhusu shinikizo ndani ya fuvu la watoto wenye malaria ya ubongo. Lau hawangechapisha, daktari aliye mbali na Kilifi angejuaje? Makala inayotajwa sana, aghalabu, imewafaa wataalamu wengine.

Hata hivyo, kipimo hicho huwahesabu wanaoandika peke yao. Mnamo 2012, Caroline Mbuba, Newton na wenzao walichapisha utafiti wa Kilifi katika The Lancet Neurology. Walihoji watu 673 wenye kifafa, na 499 wakasema wanatumia dawa. Lakini kati ya 502 waliotolewa damu, dawa ilionekana kwa 189 tu, yaani 38 katika kila mia. Umbali wa hospitali na kulipia dawa ni miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na hali hiyo.

Makala hiyo ilinitia haya. Nilikuwa na mazoea ya kumwuliza mgonjwa, "Unameza dawa?" Akijibu, "Ndiyo, Daktari," naandika hivyo kwenye kadi yake na kumwita anayefuata. Siku hizi namwomba aje na vidonge vyake tuvihesabu pamoja.

Basi tazama, msomaji. Makala ile iligeuza kazi yangu, lakini kwa kuwa mimi siandiki majaridani, katika hesabu yake mimi ni sifuri. Wagonjwa wangu pia ni sifuri.

Nilipomwomba kijana anionyeshe dawa za nduguye, alinitolea kichupa kitupu. Vidonge vilikuwa vimekwisha wiki tatu zilizopita. Mama yao hakutaka kurudi kuvitafuta, asije akaonwa na majirani. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Jibu langu kwa kijana ni kwamba watafiti walifanya sehemu yao, na iliyobaki ni yetu. Wanaowapima watafiti waulize pia swali la pili: matokeo haya yamebadilisha nini katika zahanati? Serikali za kaunti, ikiwemo yetu ya Kiambu, zihakikishe dawa za kifafa haziishi katika vituo vilivyo karibu na wananchi. Nasi madaktari tusome, kisha tuhesabu vidonge.

Nawe mzazi, usimkatize mtoto dawa bila ushauri wa daktari, hata akikaa miezi bila kuanguka. Usimwache peke yake karibu na moto. Akishikwa, mlaze kwa ubavu wala usimtie kitu kinywani. Degedege likipita dakika tano, mkimbize hospitalini.

Yule mtoto alirudi Ijumaa iliyofuata. Mkono unapona, na vidonge tulivihesabu: havikupungua wala kuzidi. Mama yake ndiye aliyemleta.