Reli Peke Yake Haijengi Mji

Ipo dhana iliyozoeleka kwamba penye njia kuu na stesheni, mji hauna budi kukua. Dhana hiyo ni potofu, na ushahidi wake uko Kilosa.

Kilosa si mahali papya. Misafara ya pwani ilipita katika bonde la Mkondoa ikielekea Tabora na Ujiji. Mwaka 1884 Carl Peters aliwalaghai machifu wa Usagara kwa mikataba, na baadaye Wajerumani wakajenga boma Kilosa. Reli iliyofika Morogoro mwaka 1907 iliendelea kupitia Kilosa na Dodoma hadi Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo Kilosa na Dodoma zilipewa reli ileile na mtawala yuleyule. Leo Dodoma ni makao makuu ya nchi, na imekuwa jiji tangu mwaka 2018. Kilosa ni makao makuu ya wilaya tu.

Tofauti hiyo haikuletwa na udongo. Dodoma ni nchi kame, hali Kilosa ina mito na ardhi yenye rutuba. Lakini mkoloni aliigeuza Kilosa kuwa njia ya kupitishia mkonge. Singa zilitoka mashambani, zikapakiwa garimoshini, na faida ikavuka bahari. Mji uliojengwa ili kupitisha mali ya wengine haujiwekei akiba yake wenyewe. Dodoma nayo ilikuwa stesheni ya namna hiyo, hadi TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie huko. Hata Nairobi, iliyoanza kama kambi ya reli mwaka 1899, ilitanuka baada ya wakoloni kuhamishia huko makao ya utawala wao kutoka Mombasa. Reli ilifungua mlango. Uamuzi ndio uliojenga mji.

Mikumi, iliyo katika wilaya hiyohiyo ya Kilosa, inatoa fundisho la pili. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu iendayo Zambia ikapita hapo. Malori husimama, abiria hula, watalii hulala. Hiyo ni riziki ya halali, lakini mji unaoishi kwa wapita njia tu huwa mashakani siku njia ikihama.

Sasa reli ya kisasa, ambayo safari zake kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilianza mwaka 2024, ina stesheni Kilosa. Mlango umefunguliwa mara ya pili. Yafaa ikumbukwe kwamba mapema mwaka 2010 mafuriko ya Mkondoa yaliharibu reli na kuwaacha maelfu bila makazi. Na kwamba Desemba 2000 ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu 38 Rudewa Mbuyuni. Basi viwanja vipimwe mbali na mkondo wa maji kabla walanguzi hawajavigawana. Kingo za mto zitunzwe wakati wa kiangazi, si baada ya maafa. Mipaka ya mashamba na malisho iheshimiwe. Mazao yasindikwe wilayani.

Kazi hizo zinawangoja watumishi wa ardhi, wahandisi na walimu wa Kilosa. Zikiahirishwa, treni itapita kwa kasi zaidi kuliko ile ya Mjerumani, na mji utabaki palepale.