Mazungumzo ya Nyumbani: Yuko Wapi Yule Mwenzetu?

Mwezi huu twataka kusema na waliokwisha kustaafu, hasa waalimu, na watu wa nyumbani mwao pia. Neno letu ni juu ya wenzi wa chuo: wale mliolala nao bweni moja, mkala nao meza moja, mkashindana nao kwa hesabu na kwa mpira, kisha mkatawanyika kila mtu na kazi yake. Katika Tanzania mtumishi wa serikali hustaafu akiwa na miaka 60, naye aweza kutoka kwa hiari akiwa na miaka 55. Basi huenda miaka mingi ikawa bado mbele yake. Je, miaka hiyo mwajuliana hali?

Jambo hili si geni katika nchi zetu. Huko Unguja, nje kidogo ya mji, palikuwa na chuo cha Kiungani, cha Misioni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA. Wengi wa wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa, wametengwa mbali na baba na mama. Basi wenzi wa darasa ndio waliokuwa ndugu zao. Walipokuwa watu wazima, wengine walipelekwa kufundisha mbali: Magila, Masasi, hata pande za Ziwa la Nyasa. Mwaka 1888 chuo kilianza kupiga chapa gazeti dogo, jina lake Msimulizi, likichukua habari zilizoandikwa kutoka vituo hivyo. Hivyo aliye Masasi aliweza kusoma habari za mwenziwe wa Magila, wala umbali haukuwafanya kuwa wageni.

Leo njia imekuwa fupi. Simu ya mkononi hupeleka neno kutoka Bukoba hata Mtwara kabla uji haujapoa, na madarasa mengi ya zamani yana kundi lao la WhatsApp. Ni jambo jema. Lakini tazameni yapitayo humo: picha za maua za asubuhi, habari za msiba, na orodha ya michango. Michango ni wajibu, maana kuzikana ni heshima. Lakini jina la mtu likitajwa kwa wenziwe mara ya kwanza siku ya kuchangiwa sanda, tumechelewa.

Tena yuko mmoja anyamazaye. Kimya chake huanza taratibu. Kiinua mgongo kimekawia, au kimekwisha katika nyumba ambayo haijapata bati, mke anaugua, mwana aliyesomeshwa kwa taabu amekuwa mlevi, macho yamefanya ukungu. Asoma habari za wenziwe: huyu amehamia nyumba mpya, yule mjukuu wake amepata shahada. Ajiuliza, “Mimi nina habari gani ya kupeleka?” Basi hajibu. Mwezi wa pili hajibu tena. Wenziwe wasema, “Amejitenga, ana kiburi.” Kumbe si kiburi, ni haya.

Wala tusidhani ya kuwa upweke huo ni jambo dogo. Mwaka 1938 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walianza kufuata maisha ya vijana 268 wa chuo hicho, wakiuliza habari za afya, kazi na nyumba zao mpaka uzeeni. Baadaye habari zao ziliunganishwa na za wengine 456 waliokulia katika mitaa ya maskini ya Boston. Ikaonekana ya kwamba walioridhika zaidi na mapatano yao na watu wakiwa na miaka 50, ndio waliokuwa na afya njema zaidi walipofika miaka 80. Hatusemi ya kuwa salamu ni dawa ya presha, wala mgonjwa asiache kwenda hospitali. Twasema tu ya kuwa urafiki nao hutaka kutunzwa, kama mwili utunzwavyo.

Basi tufanyeje? Katika vyuo vingi vya Marekani kila darasa huwa na katibu wake, akusanyaye habari za wenziwe hata uzeeni. Nanyi chagueni mmoja. Si lazima awe yule aliyekuwa wa kwanza kwa mtihani, bali awe mwenye subira. Aandike majina yote katika daftari, na ya wajane pia, maana mjane wa mwenzetu hatoki kwetu kwa sababu ya mazishi. Kila mwezi awapigie simu wawili, akianza na walio kimya. Asiulize, “Mbona umetutupa?” maana swali hilo ni fimbo. Aseme, “Ndugu yangu, nimekukumbuka, nikataka kuisikia sauti yako.” Na asiyeweza kusoma herufi ndogo za simu, mjukuu amsomee, huenda kijana naye akasikia mambo ya babu yake asiyoyajua.

Nawe uliyefanikiwa, utoapo habari zako, zitoe zote. Sema ya kuwa nyumba imekwisha. Sema pia ya kuwa magoti yauma na mwana hapigi simu. Shida iliyosemwa na mmoja hufungua vinywa vya wengi.

Nawe unyamazaye, wenzio hawakuanza kukupenda kwa ajili ya nyumba wala shahada. Walikujua ulipokuwa na blanketi moja na sanduku la bati. Hawakudai ulete ushindi. Wajulishe tu ya kuwa u hai na hali yako ilivyo. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini atakufaaje asipoijua dhiki yako?

Basi kabla ya mwezi kwisha, kila mmoja wetu atafute jina moja lililopotea, amjulie hali mwenye jina hilo. Wasalaam.