RAMANI YA KIJIJI SIYO YA MEZANI

Ndugu wanakijiji,

Wapo wenzetu wanaosema, "Mkutano wa mipango ya ardhi ni wa wakubwa, sie tuna palizi." Hilo ni kosa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yasema wazi: Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Na Mkutano Mkuu ni sie wenyewe, kila mkazi wa miaka 18 na zaidi.

Hapa Kilosa hasara tunaijua. Desemba 2000, kule Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji.

Mfugaji ndiye ajuaye ng'ombe hupita wapi kiangazi. Akina mama ndio wajuao kisima kipi hakikauki. Wenzetu wa Mikumi ndio wajuao tembo hutokea wapi. Mpimaji asipowauliza hao atachora mstari, nasi tutaugombania.

Basi mkutano usiitwe siku ya gulio, na wafugaji waitwe pia. Kusaini mahudhurio siyo kukubali. Ramani isomwe kwanza kwa sauti, watu waulize.

Anayebaki nyumbani leo asije kulia kesho shamba lake likiwa njia ya ng'ombe.

Tufike wote.

Mimi mwanaushirika mwenzenu.