Si Kila Mkaidi ni Mwasi

Imekuwa ada miongoni mwa wahakiki wetu, na hasa wanafunzi wanaotuletea tasnifu, kulitumia neno uasi kama chumvi: hutiwa kila chunguni. Binti akitoroka kwao, ni mwasi. Mlevi akimtukana chifu, ni mwasi. Mshairi akitupa vina, huyo ndiye mwasi mkuu! Neno likibebeshwa yote hayo, halibebi kitu.

Tumwangalie Rosa katika Rosa Mistika (1971) ya marehemu Euphrase Kezilahabi. Ni kweli kwamba Zakaria anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, na kwamba Rosa, akishakuwa mbali na macho ya babake, anayatenda aliyokatazwa. Lakini kutenda kinyume cha amri si kuikana amri. Rosa hafikii kuhoji ni nani aliyempa mwanamume haki ya kupima thamani ya mwanamke kwa ubikira wake. Mchumba anapomkataa kwa kipimo hicho hicho, anajitoa uhai. Mamlaka ya Zakaria yanamfuata hadi kaburini. Huo ni ukaidi, tena wa kutia huruma, na riwaya haidai kuwa ni zaidi ya hapo. Wanaodai ni wahakiki.

Kuhusu vina na mizani tusipoteze wino mwingi. Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo walimwona mvunja nyumba na wanamabadiliko wakamwona mkombozi. Pande zote mbili zilisahau kwamba Abdilatif Abdalla, aliyefungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa ajili ya waraka wake wa Kenya: Twendapi?, alitunga gerezani mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973) kwa vina na mizani, katika Kimvita chake. Serikali haikumwogopa kwa kuwa alikiuka kanuni za utunzi. Basi mtu aweza kuitii arudhi na kuikataa dola. Na kinyume chake pia huwezekana, ingawa si adabu kutaja majina.

Uasi ulio mgumu zaidi kueleweka umo katika Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein. Kinjeketile wa tamthilia anawaunganisha watu kwa maji, kisha anaanza kuyashuku maji yenyewe. Anawataka wangoje, wanakwenda vitani bila idhini yake. Kwa hiyo waliomwasi Mjerumani wamemwasi pia kiongozi wao, kwa kulishika neno lake kuliko alivyolishika yeye. Mwishowe, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme maji yalikuwa uongo. Kwa dhamiri yake angeweza kusema hivyo, maana hakuyaamini tena. Anakataa. Anajua kwamba kauli hiyo ingetumiwa kuwaambia watoto wao kuwa babu zao walikosea kupigana. Hapa hakuna hasira ya kijana wala kiburi cha msanii: kuna mtu anayelinda haki ya wengine ya kukataa, kwa neno ambalo limekwisha kumponyoka.

Mhakiki anayemtia Kinjeketile kapu moja na Rosa ana deni kwetu: atuonyeshe amri ambayo Rosa aliikana.