Mtumishi, Soma Kabla ya Kutia Sahihi

Mwaka wa Serikali huisha mwezi wa Juni. Kila ufikapo mwezi huo, katika ofisi, shule na zahanati za Singida Mjini husikika manung'uniko yale yale. Mtumishi hutoka mbele ya mkubwa wake amepewa alama ndogo, ametia sahihi bila kusema neno, kisha huenda kulalamika kibandani penye chai. Manung'uniko ya namna hiyo hayampandishi mtu cheo, wala hayamletei mgonjwa dawa. Leo twapenda kusema waziwazi lipi lipasalo kufanywa.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Wakati wa ukoloni taarifa ya mtumishi iliandikwa kwa siri. Bwana Mkubwa aliandika alivyopenda, faili likafungiwa kabatini, na mtu akakosa cheo asijue kosa lake. Tulipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, lakini desturi ile ya siri ilibaki katika ofisi zetu kwa zaidi ya miaka 40. Ni Julai 2004 ndipo Serikali ilipoleta mfumo wa wazi wa kupima kazi, uliojulikana kwa jina la OPRAS. Siku hizi fomu ile ya karatasi imeupisha mfumo wa kompyuta uitwao PEPMIS, lakini shina ni lile lile: mtumishi na mkubwa wake hupatana tangu mwanzo juu ya kazi na malengo, na kazi hupimwa kwa mapatano hayo.

Kwa hiyo, ndugu mtumishi, tathmini si hukumu ya mtu mmoja. Ni mapatano ya watu wawili. Ukinyamaza, wewe mwenyewe wairudisha ile siri tuliyoikataa.

Tuchukue mfano wa Bwana Shamba. Amepatana na mkubwa wake kwamba kila mwezi atawatembelea wakulima wa alizeti katika kata za pembeni kama Mtamaa na Mwankoko. Mwezi wa Septemba pikipiki yaharibika, na fedha za matengenezo hazitoki. Mwaka waisha amefanya nusu tu ya safari zake, naye anaambiwa ni mvivu. Akijibu kwa mdomo, ni neno lake na neno la mkubwa wake, na twajua lipi litakaloshinda. Lakini kama aliomba matengenezo kwa barua akaweka nakala, na kwenye mapitio ya nusu mwaka akaomba malengo yake yabadilishwe, basi karatasi zitamsemea. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee. Kazi nayo ni mali.

Basi afanyeje mtu aliyepewa alama asizoridhika nazo? Asome yote kabla ya kutia sahihi. Aulize kwa adabu: ni lengo gani ambalo sikulifikia, na ushahidi ni upi? Ile fomu ya OPRAS ilikuwa na nafasi ya maoni ya mtumishi, hata ya shahidi aliyekuwapo. Wengi waliiacha tupu. Usiache tupu nafasi yako. Andika maneno machache yasiyo na matusi: tarehe, kazi, hesabu. Ukiona hayatoshi, mwandikie mkuu wa idara, na kutoka hapo Mkurugenzi, hatua kwa hatua, nawe ubaki na nakala. Chama chako cha wafanyakazi nacho kipo. Ada haikatwi kwenye mshahara kwa ajili ya fulana za Mei Mosi peke yake.

Lakini asije mtu akadhani twamtetea mvivu. Mama aliyetoka Unyambwa na mtoto mwenye homa, akakuta mlango wa zahanati umefungwa saa nne asubuhi, naye ametoa alama zake, ingawa hana fomu ya kuziandikia. Mtumishi wa namna hiyo akiambiwa ukweli na akubali, tena aseme atajirekebisha vipi. Kukubali kosa la kweli si unyonge.

Na ninyi wakubwa, neno lenu lipo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi majivuno na ukandamizaji, na makatazo hayo hayajachakaa. Mkubwa ampaye jamaa yake alama nono ni mwizi. Mkubwa awapaye wote alama sawa ili asigombane na mtu naye ni mwizi, kwa maana amemnyang'anya mchapakazi haki yake na kumficha mzembe nyuma ya mgongo wa mwenziwe. Wote wawili wawaibia wananchi wanaolipa mishahara.

Julai huja na mwaka mpya wa kazi. Kila mtumishi na awe na daftari lake, aandike kila wiki alilofanya na lililomkwamisha. Siri ya mkoloni ilimshinda mtu kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi mwa mmoja tu. Sasa kalamu ziko mbili. Chukua yako uandike.