Anzeni na jani la mkonge

Tukiwafundisha watoto kuhusu Meksiko, tusiishie kuwavika kofia za karatasi na kuwachezesha ngoma za Meksiko. Sisi wa Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, tunayo Meksiko shambani. Mkonge asili yake ni Meksiko. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kupitia Florida na Hamburg. Kati ya miche 1,000 ilisalimika 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. Mpe mtoto jani moja alikwangue kwa kisu butu mpaka nyuzi zitoke (avae glovu, utomvu wake unawasha), azioshe, azianike juani, kisha asokote kamba. Akiwa anasokota, msimulie kwamba Wamaya wa Yucatán, huko Meksiko, nao walisokota nyuzi za aina hiyo, wakasuka vitanda vya kuning'inia. Hapo hasahau tena!

Na mahindi ya Handeni vilevile chimbuko lake ni Meksiko. Wenzetu huko huyachemsha na chokaa kabla ya kusaga, kisha hupika chapati nyembamba. Sisi tunasonga ugali. Walimu wa Tanga, msisubiri vifaa kutoka wilayani. Mkonge upo mlangoni.